Miti Mikubwa Imekula Nini?

Kuna sentensi moja ambayo nadhani sote tuliinakili kwenye daftari la Jiografia shule ya msingi: msitu mnene ni dalili ya udongo wenye rutuba. Mwalimu anasoma, wewe unaandika, mtihani unauliza, unapata alama zako mbili, maisha yanasonga. Wengi wetu tumefika nayo mpaka chuo bila kuigusa.

Mimi kwetu ni Muheza, upande wa milima ya Usambara Mashariki, na huko sentensi hiyo si ya kujibia mtihani tu. Watu wamenunua mashamba kwa sentensi hiyo. Baba yangu mdogo yuko mbioni kununua la kwake, ekari 2 za miti mikubwa juu kabisa karibu na mpaka wa hifadhi, na fedha atakazolipa ni za ng'ombe wawili ambao nyumbani hakuna wengine. Na kwa kuwa nasomea ualimu wa Biolojia na Jiografia, mimi ndiye niliyeulizwa kama anunue. Kwa hiyo wenzangu mtanisamehe nikiongea udongo kurasa nzima.

Tuanze na Wajerumani, maana wao walilipa ada ya somo hili kabla yetu. Miaka ya 1890 kampuni zao zilipanda Usambara Mashariki zikakuta miti inayokwenda mita 40 juu, ukungu asubuhi, mvua karibu mwaka mzima. Yeyote angepiga hesabu ileile: kama udongo huu unabeba mti wa namna hii, kahawa itakuwaje? Wakafyeka, wakachoma, wakapanda. Kahawa ikaanza vizuri, kisha ikadhoofika, mavuno yakashuka, na mashamba mengi yakaishia kuachwa au kugeuzwa kuwa ya mazao mengine. Magonjwa na wadudu yalikuwepo, sikatai. Lakini chini ya yote hayo kulikuwa na udongo ambao haukuwa na kitu cha kutoa.

Sasa linganisha na Kilimanjaro. Kahawa ilifika huko mwishoni mwa karne hiyohiyo ya 19 kupitia wamisionari, na Wachaga wanaivuna mpaka leo kwenye vihamba, chini ya migomba, kwa samadi ya ng'ombe wa zizini. Kilimanjaro nako kuna mvua, nako kuna baridi ya mlimani. Tofauti kubwa iko chini ya miguu. Udongo wa Kilimanjaro umetokana na majivu na mawe ya volkano, bado ni kijana, bado mwamba unaendelea kuvunjika na kuachia kalisi, potasiamu na fosforasi. Udongo wa Usambara umetokana na miamba ya zaidi ya miaka milioni 500, na mvua imekuwa ikiuosha kwa muda ambao akili haiwezi kuushika. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kila tone linaloshuka chini linabeba kitu. Kilichobaki ni mfinyanzi mchovu pamoja na chuma na alumini, na chuma ndicho kinachoupa ule wekundu ambao wageni wanaupiga picha.

Wekundu huo una hila mbili. Kwanza, chuma na alumini hushika fosforasi kwa nguvu hivi kwamba hata kama ipo, mzizi haiipati kirahisi. Pili, udongo wenyewe una tindikali, na penye tindikali kali alumini huyeyuka na kuanza kuunguza ncha za mizizi. Chai haijali, chai hupenda udongo wa tindikali, ndiyo maana mashamba ya chai ya Amani yapo hadi leo ilhali kahawa ilishindwa. Mahindi yanajali sana.

Basi hiyo miti mikubwa imekula nini?

Swali hili niliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha pili nikiwa mazoezini, kwenye shule moja ya sekondari wilayani kwetu. Aliuliza kwa Kiswahili, katikati ya kipindi cha Kiingereza, kwa sababu darasani kwetu maswali ya kweli hayaulizwi kwa Kiingereza. Nilikuwa nimeeleza kuhusu udongo mwekundu uliooshwa na mvua. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama udongo wa juu ni mbovu, msitu umetoka wapi?" Darasa likacheka, kama kawaida, lakini mimi nilifurahi hadi nikasahau andalio la somo.

Jibu nililompa linaeleweka vizuri zaidi hapa chuoni kuliko pale, kwa sababu hapa kila mtu anajua bumu. Mchukulie mwanafunzi ambaye hana akiba hata shilingi. Ukifungua akaunti yake inasoma sifuri. Lakini kila siku anakula, anavaa, anang'aa, anaitwa bosi. Kwa nini? Kwa sababu hakuna fedha inayolala. Ikiingia asubuhi, mchana imeshatumika, na rafiki aliyekopeshwa jana amerudisha leo. Msitu wa Usambara unaishi hivyo. Utajiri wake hauko benki, yaani udongoni. Uko mwilini mwake, kwenye majani, magome na mizizi. Jani kabla halijaanguka, mti huvuta kwanza sehemu ya naitrojeni na fosforasi iliyomo na kuirudisha tawini. Likianguka, joto na unyevu vinalioza upesi, na tayari kuna mizizi myembamba imetandazwa kama mkeka juu juu pamoja na nyuzi za kuvu, inadaka kila kinachoachiliwa kabla mvua haijakishusha. Kiasi kidogo huongezwa na vumbi na mvua yenyewe. Hakuna ubadhirifu. Ni uchumi wa mkono kwa mkono.

Ukiuelewa huo, unaelewa pia kwa nini shamba jipya hudanganya. Ukifyeka na kuchoma, umeutoa utajiri wote wa mwilini na kuuweka juu ya ardhi kama jivu. Jivu lina potasiamu, kalisi na fosforasi, na linapunguza tindikali. Mahindi ya mwaka wa kwanza yanakuwa ya kutisha. Ni bumu la mwaka mzima limeingia siku moja, na sote tunajua bumu la namna hiyo huishaje. Mvua mbili tatu, mkeka wa mizizi haupo tena wa kudaka, jivu limeshuka mtoni. Mwaka wa tatu mkulima anamlaumu mchawi, au mbegu, au serikali.

Iliki ilikuja kwa njia ya upole zaidi. Hupandwa chini ya kivuli, miti mikubwa inaachwa, midogo inaondolewa. Kwa hiyo kwa macho ya mtu anayepita barabarani msitu bado upo. Lakini miche ya miti inayofyekwa kila palizi ndiyo ingekuwa miti ya kesho, na iliki nayo, baada ya miaka kadhaa ya kuvunwa, hupungua mpaka haina faida, na mwenye shamba anaangalia juu zaidi mlimani. Huko juu zaidi siku hizi kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, kwa hiyo hakuna pa kusogea. Watu wanauziana yaleyale.

Nikiwaza hayo chumbani hosteli, mwenzangu wa kitanda cha juu, Msukuma wa Shinyanga, alinicheka. "Nyie watu wa milimani mna shida ya ajabu. Kwetu udongo wenye nguvu kuliko wote hauna mti hata mmoja." Alikuwa anasema mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni. Na alinitajia mengine kwa mpangilio kama anasoma majina ya wachezaji: luseni huko juu kwenye miinuko ya mawe, udongo wa kichanga, mwepesi, ukishuka, itogolo, ambao chini yake una tabaka gumu kama sakafu, na mwisho mbuga. Bibi yake hajasoma hata darasa moja lakini hawezi kupanda mpunga kwenye luseni.

Hapa ndipo nilipomkumbuka Geoffrey Milne, Mwingereza aliyekuwa mtaalamu wa udongo pale Amani miaka ya 1930. Mwaka 1935 alitoa jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, kueleza jinsi udongo unavyobadilika kwa utaratibu uleule kutoka kilele cha mwinuko hadi bondeni, kisha mwinuko unaofuata vilevile, na vilevile tena. Jina hilo linatumika dunia nzima leo, na lilizaliwa kwenye vilima vya Afrika Mashariki. Sijui kwa nini hatulitangazi zaidi. Kusema kweli Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo bila kumsubiri Milne, lakini hilo ni gazeti lingine.

Mbuga ndiyo inayonivutia. Kwa kemia ni tajiri, kwa sababu kila kilichooshwa kutoka juu kimeishia pale. Lakini mvua ikinyesha inafurika, hewa inakosekana, mizizi ya miti mingi inazama na kufa. Kiangazi kikija udongo unapasuka nyufa ambazo mguu unaingia, na nyufa hizo hukata mizizi iliyobaki. Nyasi zinaweza maisha hayo. Mti mkubwa hauwezi, isipokuwa wachache wagumu kama baadhi ya migunga. Na huku juu, kwenye udongo mwepesi usio na kitu, ndiko miyombo na mininga inakomea, ikisaidiwa na kuvu za mizizini. Kuvu hizohizo baadhi yake ndizo zinazotoa ule uyoga wa msimu wa mvua ambao watu wa Tabora hawanyamazi wakianza kuusifia. Kwa hiyo rutuba si kitu kimoja. Kuna chakula, kuna maji, kuna hewa, na kuna nafasi ya mzizi kupita. Udongo unaweza kuwa na kimoja ukakunyima kingine.

Halafu kuna neno linalotuchanganya: uzalishaji. Tunaona mti mkubwa tunasema msitu huu unazalisha sana. Ukubwa ni salio, uzalishaji ni mshahara wa mwaka. Mzee mwenye salio kubwa anaweza kuwa aliweka kidogo kidogo kwa miaka 300. Amazon imepimwa sana kwa jambo hili. Upande wa magharibi, karibu na milima ya Andes, udongo ni wa umri mdogo na una fosforasi zaidi. Miti huongeza mbao haraka, na hufa haraka pia. Upande wa mashariki na kati udongo ni wa kale na umechoka kama wa kwetu. Miti hukua polepole, mbao zake nzito, na huishi muda mrefu, kwa hiyo jumla ya uzito wa msitu inaweza hata kuzidi ile ya magharibi. Mtu anayetazama ukubwa tu angenunua shamba mashariki.

Na karibu na Manaus huko Brazili, watafiti walimwaga mbolea msituni ili waone kipi kinakosekana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Naitrojeni haikuleta mabadiliko, fosforasi ndiyo iliyoleta: ndani ya miaka miwili majani na mizizi myembamba iliongezeka. Vigogo havikuongezeka. Nililipenda sana hilo la vigogo. Mti uliokosa kwa muda mrefu, ukipata, hauanzi na kujenga ghorofa. Unaanza na mdomo na tumbo.

Lakini kidato cha pili hawawezi kwenda Manaus, wala maabara ya shule ile haikuwa na cha kupimia tindikali. Tulichokuwa nacho ni makopo ya maziwa 12 na punje za mahindi. Udongo nilienda kuuchukua kwenye zile ekari 2 za baba mdogo, kwa ruhusa ya mwenye nazo, ambaye alidhani nataka kuusifia. Makopo manne tuliweka udongo mweusi wa juu kabisa. Manne tukaweka udongo mwekundu wa shimo hilohilo, kina cha mkono hadi kiwiko. Manne ya mwisho, mwekundu huohuo na konzi ya jivu la jikoni. Tukatoboa matundu, tukapanda punje tatu tatu, tukaweka dirishani.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu kwangu mbele ya mwalimu mwenyeji aliyekuja kukagua. Makopo yote sawa, yote kijani. Nikawaambia wanafunzi wasubiri, punje ya mahindi imebeba chakula chake chenyewe, mche haujaanza kuuliza udongo chochote. Wiki ya tatu udongo ukaanza kuulizwa. Mahindi ya udongo mweusi yaliendelea. Ya jivu yalikuwa yanayafuata kwa karibu. Ya udongo mwekundu mtupu yalidumaa, na kingo za majani zikageuka zambarau, rangi ambayo mahindi huvaa yanapokosa fosforasi. Yule mwanafunzi wa swali alikuja na rula kila asubuhi kabla ya mstarini. Wiki ya tano yale ya jivu nayo yakaanza kupoa. Makopo 12 si utafiti wa kuchapisha, najua, na mtu wa takwimu humu chuoni atanirarua. Ila hakuna slaidi iliyowahi kunifundisha kama yale majani ya zambarau.

Jumamosi moja baba mdogo alipita shuleni. Aliyatazama makopo muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza, "Hili jeusi, pale shambani lina kina gani?"

"Vidole vinne, baba. Mahali pengine vitatu."

Akaweka vidole vyake vinne ukutani, akavitazama. "Na chini yake ni hili la zambarau."

"Ni hilo."

"Sasa mwanangu, mimi nanunua ekari 2 au nanunua vidole vinne?"

Sikumwambia asinunue. Mtu hawezi kumwambia baba yake mdogo hivyo, na isitoshe si kweli kwamba ardhi ile haina kazi. Nilimwambia nilichokijua. Asichome. Asihesabu mavuno ya mwaka wa kwanza kana kwamba ni ya kila mwaka. Miti mikubwa, hasa misambu, ibaki, kwa sababu mbegu zake zina mafuta na zina wanunuzi, na kwa sababu majani yake ndiyo mbolea pekee iliyopo pale isiyonunuliwa. Na kwamba shamba la mlimani si kitu kimoja. Kilele, mteremko na bonde ni udongo tofauti hata kama hati ni moja, kwa hiyo asilipe bei moja kwa shamba zima kabla hajalichimba.

Hilo la mwisho ndilo alilolishika. Alimwambia muuzaji kwamba atachimba mashimo 10 kabla ya kutoa hata shilingi. Muuzaji alikasirika, akasema hajawahi kuona mtu ananunua shamba kwa kuangalia chini badala ya juu, na kwamba kuna mtu wa Tanga mjini anayelitaka bila masharti. Huyo mtu wa Tanga bado hajaonekana. Mashimo yakaanza kuchimbwa.

Jana usiku baba mdogo alinipigia simu. Sita ya kwanza, kilele na mteremko, yote ni vidole vitatu au vinne halafu wekundu. La saba, kule chini karibu na kijito, weusi umefika kwenye kiwiko na bado unaenda. Amefunika shimo hilo kwa majani ya mgomba ili muuzaji asilione, na ananiuliza robo ekari inaweza kuwa bei gani.